Ramani za Reli Ziende na Wakati

Katika wilaya za Mbulu na Hanang hakuna hata futi moja ya reli. Mtoto anayesoma Dongobesh, Haydom, Basotu au Endasak anaweza kumaliza darasa la saba, na hata kidato cha nne, bila ya kuona treni kwa macho yake. Anachokijua kuhusu reli za nchi yake ni mstari mweusi wenye vijistari vya kukatiza, uliochorwa katika ramani iliyotundikwa ukutani au iliyomo katika kitabu cha jiografia. Kwa mtoto huyo ramani ndiyo reli yenyewe. Ikisema lisilo kweli, hana pengine pa kuuliza isipokuwa kwa mwalimu wake, na mwalimu naye mara nyingi alifundishwa kwa ramani ya namna ile ile.

Ndiyo maana suala la ramani za reli, ambalo kwa mkazi wa Buguruni au Pugu ni dogo tu kwa vile husikia honi ya treni kila siku, lina uzito wa pekee kwa walimu na watumishi wa Serikali walioko Mbulu na Hanang. Yapo mambo ambayo ramani huyaficha, yapo ambayo huyakosea, na yapo ambayo yalikuwa sahihi siku ilipochapishwa lakini wakati umeyapita. Haya ya mwisho ndiyo mengi, na ndiyo rahisi kuyarekebisha kama wahusika wakitaka.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, na reli ya kutoka Tanga ikafika Arusha mwaka 1929. Reli hizi mbili, ya Kati na ya Tanga, hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963, baada ya Uhuru, ilipojengwa njia ya kutoka Ruvu hadi Mruazi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwalimu anayezifahamu tarehe hizi anaweza kukisia umri wa ramani yake hata kama mchapaji hakuandika mwaka.

Lakini reli hazikuongezeka tu, nyingine ziling'olewa. Reli ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, kati ya Mtwara na Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karibu zaidi na Hanang, kulikuwa na tawi lililotoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Lilijengwa katika miaka ya 1930 na kung'olewa katika miaka ya 1940. Baadaye, miaka mingi baada ya Uhuru, ikajengwa upya reli ya kutoka Manyoni hadi Singida. Mtu akitandika mezani ramani tatu za vipindi vitatu ataona reli ikitokea, ikitoweka, kisha ikitokea tena. Akipewa moja tu kati ya hizo, bila ya mwaka, hataweza kujua kama wakulima wa Hanang wana reli ng'ambo ya mpaka wao au hawana.

Wala mstari katika ramani hausemi kama treni inapita. Kati ya Moshi na Arusha reli haikung'olewa, lakini kwa takriban miaka 30 haikupita treni ya abiria, mpaka huduma hiyo iliporejeshwa Oktoba 2020. Katika muda wote huo ramani ziliendelea kuonyesha mstari ule ule mweusi, na watoto wa Mbulu, ambao hadi mwaka 2002 mji wao mkuu wa mkoa ulikuwa Arusha, wakafundishwa kwamba mji huo unafikiwa kwa reli. Katika ramani ya miamba hilo lingekuwa sahihi. Katika ramani ya usafiri ni upotoshaji.

Tatizo ni kubwa zaidi katika Jiji la Dar es Salaam. Katika ramani ya ukutani Jiji hilo ni nukta moja ambapo reli zote zinakutana. Kwa kweli hazikutani. Zipo reli tatu zenye geji tatu, yaani upana wa namna tatu baina ya chuma na chuma: Reli ya Kati milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067, na reli mpya ya kisasa milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Stesheni ya TAZARA iko katika Barabara ya Nyerere, mbali na stesheni za katikati ya Jiji, na abiria anayeshuka hapo kutoka Mbeya akitaka kwenda Dodoma kwa treni hana budi kupanda basi au bajaji pamoja na mizigo yake. Nukta moja haimwambii hayo. Jirani zetu wa Kenya nao wanalijua jambo hili: reli yao mpya ya kutoka Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inaishia Syokimau na si katika stesheni ya zamani ya Nairobi, ingawa katika ramani ndogo zote mbili ni Nairobi.

Halafu zipo treni za ndani ya Jiji, zilizoanza Oktoba 2012, moja kutoka stesheni ya kati hadi Ubungo Maziwa na nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Ramani ya nchi nzima haiwezi kuzionyesha, kwa udogo wa kipimo chake, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini majina ya njia hizo ni somo zima la historia. Ubungo Maziwa ni jina lililotokana na kiwanda cha maziwa. Kamata, mahali reli inapokatiza barabara, ni jina la Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ambayo mabasi yake wazee wengi wa mikoani wanayakumbuka ingawa kampuni yenyewe haipo tena. Wananchi huipa stesheni jina la kile wanachokiona, na hulishikilia hata kile kitu kikiondoka. Mchora ramani anayedharau majina hayo na kuandika ya ofisini peke yake humpoteza msafiri.

Majina ya reli mpya yanadai uangalifu wa namna hiyo hiyo. Treni za abiria za reli ya kisasa zilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo. Mwezi wa Agosti reli hiyo ilipozinduliwa rasmi, stesheni ya Dar es Salaam ilipewa jina la Magufuli na ile ya Dodoma jina la Samia. Stesheni za reli ya zamani katika miji hiyo zimebaki mahali pake. Kwa hiyo mtumishi wa Halmashauri anayetoka Katesh, akielezwa tu kwamba atapanda treni "stesheni ya Dodoma", anaweza kujikuta kwenye stesheni isiyo yake huku saa ya treni ikipita.

Safari ya mtumishi huyo inafaa kufuatwa, kwa sababu ni ya watu wengi. Kutoka Katesh huenda Babati, na kutoka Babati hushika barabara ya lami ya kilomita zipatazo 250 kupitia Kondoa hadi Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2018. Mwenzake wa Mbulu hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Magara hadi Mbuyu wa Mjerumani, kisha naye hufika Babati. Wote wawili, wakikaribia Dodoma, hupita upande wa Makutupora. Na wote wawili wamesoma magazetini kwamba reli ya kisasa ya kutoka Morogoro inajengwa hadi Makutupora. Ni halali yao kufikiri kwamba wamefika relini. Lakini Makutupora ya reli si hii. Makutupora ya reli iko Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, magharibi ya Dodoma baada ya Bahi. Makutupora wanayoipita wao iko kaskazini ya Dodoma, ile yenye visima vya maji na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ni mahali pawili penye jina moja, na ramani ambayo haiandiki jina la wilaya pembeni inawaachia wasafiri kubahatisha.

Vipimo navyo vina mitego yake. Ilitangazwa kwamba reli ya Dar es Salaam hadi Morogoro ina urefu wa kilomita 300, na ile ya Morogoro hadi Makutupora kilomita 422. Mwanafunzi wa Dongobesh mwenye uzi na rula, akiupima mstari huo katika ramani iliyochorwa vizuri, atapata kilomita 200 na ushei kwa kipande cha kwanza. Hajakosea, wala waliotangaza hawakukosea. Njia kuu ni kilomita 205. Zilizobaki ni njia za kupishania na za kuegesha treni stesheni. Mwalimu ambaye hakuelezwa jambo hilo atamwekea mtoto alama ya mkasi kwa kosa la kupima sawasawa.

Upotoshaji mbaya kuliko wote, hata hivyo, ni ule wa kuchora mipango kwa wino ule ule wa reli zilizopo. Kwa muda mrefu umetajwa mpango wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma, pamoja na matawi ya kwenda Engaruka na Minjingu. Umetajwa pia mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Ni mipango yenye maana, na Minjingu yenye mbolea ya fosfeti iko Wilaya ya Babati, mlangoni kabisa mwa Mbulu na Hanang. Lakini mpango si reli. Mkulima wa ngano wa Basotu au wa vitunguu swaumu wa Mbulu akiona mstari mweusi umefika Minjingu, na ofisa aliyemwonyesha asimweleze kwamba mstari huo ni wa kesho kutwa, anaweza kupanga kilimo chake kwa kutegemea behewa ambalo halijaundwa. Ofisa naye anaweza kuandika makisio ya usafirishaji kwa kutegemea ramani ile ile, na makisio hayo yakapanda ngazi mpaka juu bila ya mtu kuyahoji, kwa sababu yameambatanishwa na ramani.

Watumishi wa wilaya hizi wanaujua ugonjwa huu kwa upande mwingine. Hanang ilitengwa na Mbulu mwaka 1969. Babati ikatengwa na Hanang mwaka 1985. Na mwaka 2002 wilaya zote hizo zikatolewa Mkoa wa Arusha kuunda Mkoa wa Manyara. Kila mara muhuri wa ofisi hubadilishwa upesi, maana bila ya muhuri barua haiendi. Ramani ya ukutani huachwa, maana hakuna barua inayoisubiri. Hivyo darasa moja linaweza kuwa na ramani ambayo mpaka wake ni wa mwaka 1970 na reli yake ni ya mwaka 1990, na mtoto akatakiwa kuzioanisha.

Pengine mtu atasema kwamba hata miji mikubwa ya dunia hutumia ramani za reli zisizo za kweli. Ni sawa. Ramani maarufu ya reli za chini ya ardhi za London, iliyobuniwa na Harry Beck na kutolewa kwa umma mwaka 1933, ilinyoosha njia zilizopinda na kupuuza umbali. Lakini ilifanya hivyo makusudi, kwa faida ya abiria anayetaka kujua ashukie wapi na abadili treni wapi. Wala haikukusudiwa kuwa ramani ya kufundishia jiografia. Kosa ni kuchukua mchoro wa namna hiyo, ambao mashirika ya reli hupenda kuutumia katika matangazo, na kuutundika darasani kana kwamba umepimwa.

Shirika la Reli Tanzania na Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia ndio wanaojua ni njia ipi treni inapita na ipi imesimama. Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo yenye dhamana ya vitabu vya kiada. Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi ndiyo yenye wataalamu wa kupima. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, na hapana budi vipande hivyo viwekwe katika karatasi moja. Karatasi hiyo iandikwe mwaka na mwezi. Reli inayopitisha treni ichorwe kwa mstari mzima, reli iliyopo lakini imesimama kwa rangi nyingine, na iliyo katika mpango kwa nukta tupu. Stesheni ya Dar es Salaam na ya Dodoma zisionyeshwe kwa nukta moja moja, bali kwa mchoro mdogo pembeni, pamoja na majina yote mawili, la kibao na la wananchi. Si kazi ya mamilioni. Ni karatasi moja ya kupeleka kwa maofisa elimu wa wilaya kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari, na Mbulu na Hanang zisiwe za mwisho kuipata kwa kisingizio cha kuwa mbali na reli.

Wakati ikisubiriwa, walimu wanaweza kuanza na karatasi ya manila na kalamu za rangi, wakiwaachia wanafunzi wenyewe kazi ya kusahihisha. Ramani ya zamani isitupwe. Ibaki ukutani kando ya ile mpya, mwaka wake ukiwa umeandikwa juu kwa herufi kubwa, ili watoto waone reli ya Nachingwea ilipita wapi na waulize kwa nini iling'olewa.