Kijerumani cha Majedwali

Imeenea katika miji yetu biashara ya kufundisha Kijerumani kwa upesi. Vijana hulipa fedha ambazo wazazi wao wamezipata kwa kuuza ng'ombe au kiwanja, huingia darasani miezi michache, kisha hutoka na daftari lililojaa majedwali. Mna der, die na das katika daftari hilo. Mna hali nne za jina. Mna orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni. Na mwisho wake mna maswali ya mitihani iliyopita. Kijana huyahifadhi yote kama mtu ahifadhiye maneno ya kago asilolijua maana. Siku ya mtihani hupita, cheti hutolewa, na Kijerumani chenyewe hubaki nje mlangoni hakijakaribishwa. Nasema kwamba desturi hii ni mbovu, na kwamba walimu waiendelezao wanakula fedha za maskini bila kuwapa walichokuja kukitafuta.

Simlaumu kijana. Ujerumani ina upungufu wa wauguzi na mafundi, na mwezi wa Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya watu waendao kufanya kazi huko. Muuguzi atakaye kutambuliwa kwa taaluma yake aghalabu hutakiwa afike daraja ya B2, na mke amfuataye mumewe hutakiwa, kwa kawaida, awe na A1. Daraja hizi si mbaya. Kipimo hakina kosa. Mwenye kosa ni yule auzaye pishi tupu kana kwamba ndiyo mchele.

Wateteao majedwali wana hoja yao, na haki yao ni isikilizwe. Wasema Kijerumani ni lugha ngumu, kina jinsia tatu za majina na hali nne, na asiyezijua hizo kwanza hawezi kufungua kinywa. Nami nawauliza: wanamfundisha nani? Kama kuna mtu asiyestahili kutishwa na jinsia tatu, mtu huyo ni Mswahili. Lugha yake mwenyewe ina ngeli nyingi kuliko hizo mara kadhaa, na kila ngeli huvuta kivumishi, kiwakilishi na kitenzi viifuate. Mtoto wa miaka minne wa Lamu au wa Ujiji husema "kikombe changu kimevunjika" na "mikoba yetu imepotea" wala hajui kwamba duniani kuna neno ngeli. Nani alimchorea jedwali? Alisikia, akajaribu, wakubwa wakacheka, akajaribu tena.

Watanijibu kwamba mtoto ni mtoto na mtu mzima ni mwingine. Ni kweli. Mtu mzima hana miaka minne ya kubebwa mgongoni akisikiliza. Lakini anacho kitu ambacho mtoto hana: anajua kusoma. Kitabu kimoja cha kurasa mia mbili kitampitishia mbele ya macho der, die na das, kwa sura zao zote, maelfu ya mara, kila mara katika mahali pake na kwa kazi yake. Hapana mwalimu awezaye kumtolea mifano maelfu kwa muhula mmoja, hata angalikuwa na mapafu ya chuma.

Tena Mswahili akisoma atakuta mambo ambayo yeye huyaelewa upesi kuliko Mzungu mwenyewe. Mmarekani Mark Twain, katika maandishi ya ziada ya kitabu chake A Tramp Abroad cha mwaka 1880, alifanya mzaha kwamba katika Kijerumani msichana hana jinsia, na hali mboga inayo. Watu wamecheka naye tangu siku hizo. Sisi hatuna sababu ya kucheka. Neno Mädchen lina mwisho wa -chen, mwisho wa kudogosha, na kila jina lidogoshwalo hivyo huingia katika kundi la das. Sisi tunafanya jambo lilo hilo kila siku: mtoto akidogoshwa huwa kitoto, mlima huwa kilima. Na kama vile tusemavyo "kijana huyu amefika", wala si "kijana hiki kimefika", kwa sababu uhai umelishinda umbo la neno, ndivyo Mjerumani, akisha kumtaja das Mädchen, aghalabu humrudia baada ya maneno machache kwa sie, kama mwanamke mwingine yeyote. Habari hii haimo katika jedwali la daftari. Imo katika hadithi na katika mazungumzo.

Ni hivyo pia kwa mahali. Jedwali lafundisha kwamba auf hufuatwa na dem ikiwa kitu kimetulia, na den ikiwa kitu kinapelekwa: das Buch liegt auf dem Tisch, kitabu kiko mezani, ich lege das Buch auf den Tisch, nakiweka kitabu mezani. Kijana huhifadhi kanuni, na anapotaka kusema husimama katikati ya sentensi kama mtu atafutaye ufunguo gizani. Kijana huyo huyo husema nyumbani pale, nyumbani kule na nyumbani mle, na hakosei, wala hasimami kufikiri. Ana kipawa cha kusikia tofauti ya mahali, nasi twamnyang'anya kipawa hicho kwa kumpa mistari na visanduku.

Twende sasa wodini, maana huko ndiko cheti kinakopelekwa. Mgonjwa akisema Mir ist schlecht, anasema anasikia kichefuchefu. Muuguzi akitaka kusema hivyo juu ya nafsi yake, akaijenga sentensi kwa jedwali, akasema Ich bin schlecht, amejitangaza kuwa ni mtu mwovu, au kwamba kazi yake haiwezi. Na hili nalo si geni kwetu, kwa kuwa hatusemi "mimi ni baridi", twasema "nasikia baridi". Lakini kuna kubwa kuliko hilo. Usiku wa manane mzee asema kwa shida: Ich krieg keine Luft. Daftari lilimfundisha muuguzi kwamba kupata ni bekommen, na kwamba Krieg ni vita. Mzee anahema kitandani, na muuguzi amesimama akiwaza vita. Mzee alisema kwamba hapati hewa. Kriegen, kwa maana ya kupata, ni neno la kila siku katika vinywa vya Wajerumani, na kitabu chochote cha hadithi chenye watu wasemao ndani yake kingalimkutanisha nalo mapema. Majedwali huliacha, kwa sababu si neno la adabu ya mtihani.

Kisha lipo jambo la kustahimili. Mjerumani husema: Ich rufe dich morgen nach der Arbeit an. Rufe limetangulia, an limekuja mwisho, na kati yao mmepita wewe, kesho, na saa za kutoka kazini. Bila an, mtu ameita tu. An ndilo lifanyalo kuita kuwe kupiga simu. Na katika sentensi ya namna nyingine kitenzi chote huwekwa mwisho: Ich weiß, dass er gestern mit seiner Mutter nach Tanga gefahren ist. Msikilizaji amekwisha kumjua mama, jana, na Tanga, kabla hajajua kama mtu alikwenda, alitaka kwenda, au alikatazwa. Kusubiri huku ni mazoea ya pumzi na ya sikio. Hakuhifadhiwi. Hupatikana kwa kusoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka sikio lichoke kushangaa.

Wapo wasemao: kusoma tutasoma, lakini tutazungumza na nani, nasi tuko Morogoro au Kisumu? Heinrich Schliemann, Mjerumani aliyepata sifa baadaye kwa kuchimba magofu ya Troy, alikwisha kulijibu swali hilo mwaka 1844. Alikuwa karani wa nyumba ya biashara mjini Amsterdam, akataka kujua Kirusi, asipate mwalimu. Akatwaa kitabu cha sarufi, kamusi, na kisa cha Telemachus kilichotafsiriwa kwa Kirusi. Akawa anasoma, anahifadhi na kuandika insha zake. Kwa kuwa hakupenda kusema peke yake, alimwajiri mtu maskini awe akija kila jioni kumsikiliza, na mtu yule hakujua hata neno moja la Kirusi! Wapangaji wenzake walichoshwa na kelele hata akalazimika kuhama mara mbili. Baada ya wiki sita aliandika barua yake ya kwanza ya Kirusi. Ni nani katika nchi zetu, ambako watu hukaa barazani jioni, awezaye kusema amekosa mtu wa kumsikiliza? Babu hajui Kijerumani, lakini atakaa kitako, na pengine atauliza hadithi inahusu nini. Na hapo msomaji atalazimika kujua kama ameielewa.

Wengine husema vitabu ni vigumu na kamusi inachosha. Kamusi inachosha kwa sababu huitwa kwa kila neno. Kató Lomb, mkalimani wa Hungaria aliyeishi kutoka 1909 hata 2003, alijifunza Kirusi kwa kukisoma kitabu cha Gogol kiitwacho Nafsi Zilizokufa, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 juu ya njia zake za kujifunza lugha alisisitiza kwamba msomaji asikwame kwa ajili ya neno moja. Neno lenye maana kubwa litarudi. Likirudi mara ya tatu, na bado limefunga uso, ndipo lifunuliwe katika kamusi. Halitasahaulika tena, maana limetamaniwa kwanza.

Sikatai sarufi. Mtu aliyekwisha kukutana na dem mara mia na kuanza kujiuliza mbona si den, huyo mpe jedwali, na kwa dakika kumi ataona mwanga ambao mwenzake hakuuona kwa miezi mitatu. Ninachokataa ni kumpa ramani mtu ambaye hajatoka nyumbani, kisha kumtahini juu ya safari.

Na Wajerumani wenyewe walifanyaje walipokitaka Kiswahili? Chuo cha lugha za Mashariki kilianzishwa Berlin mwaka 1887, na vitabu vya sarufi havikukosekana. Hata hivyo waliwaita wenyeji waende kufundisha. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha huko tangu mwaka 1900. Carl Velten aliwataka Waswahili waandike kwa maneno yao wenyewe habari za safari na desturi zao, na Desturi za Wasuaheli kikachapwa mwaka 1903, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikiwa ni ya Mtoro. Walijua kwamba lugha yatakiwa isomwe katika mambo ambayo wenyewe huyasema. Sisi tumewaiga Wajerumani katika mengi yasiyofaa. Hili lililofaa tumeliacha.

Hapa yanihusu kuwageukia wenzangu wa chuo kikuu, wasio na haja ya cheti cha kwenda Ujerumani. Katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, mjini Dar es Salaam, yamo mafaili ya serikali ya Wajerumani, na mengi ya aina hiyo yamo Berlin. Humo mna kodi ya kibanda iliyoamriwa mwaka 1897, Hüttensteuer. Mna habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907. Mwezi wa Novemba 2023 Rais Steinmeier alikuja Songea akaomba radhi. Mabishano juu ya mabaki ya wazee wetu yaliyochukuliwa, na juu ya mali iliyomo katika majumba ya makumbusho, huandikwa kwa Kijerumani kila mwaka. Ni wangapi kati ya wanahistoria wetu wawezao kuyasoma bila mkalimani? Wanayasoma kwa Kiingereza, baada ya mtu mwingine kuchagua lipi litafsiriwe na lipi liachwe. Aonaye neno Strafexpedition, msafara wa kuadhibu, katika taarifa ya ofisa, anaona mara moja nani alijiona hakimu na nani aliwekwa kuwa mkosaji. Mfasiri akiandika "msafara wa askari" tu, ushahidi umepotea. Mashine za kutafsiri, ambazo wengi huzitegemea leo, hazina ulinzi dhidi ya jambo hilo; na mbele ya mwandiko wa mkono wa zama zile, ambao hata kijana wa Kijerumani wa leo hausomi bila kufundishwa, hukosea sana. Mwandiko huo ni kazi ya kujifunza upya kwa wote wawili, Mjerumani na Mtanzania, nao huanzia mstari mmoja.

Atakayeuliza aanze na kitabu gani, nitamwambia aanze na Johann Peter Hebel, katika mkusanyo wake wa mwaka 1811, kisa kiitwacho Kannitverstan. Kijana fundi wa kutoka Tuttlingen afika Amsterdam, aona jumba kubwa, aona merikebu yenye shehena, mwisho aona jeneza lapita. Kila mara auliza kwa Kijerumani ni ya nani, ni la nani, na kila mara ajibiwa Kannitverstan, yaani "sikuelewi" kwa lugha ya huko. Naye adhani ndilo jina la tajiri mmoja aliyekufa, akaridhika na umaskini wake. Ni kurasa chache tu. Mwanafunzi akisome kisa hicho kwa sauti jioni tatu, ya kwanza bila kamusi. Kisha akiandike upya bila kutazama kitabu, ampe aliyemtangulia amsahihishe. Baada ya hapo achukue Emil und die Detektive cha Erich Kästner, cha mwaka 1929, kisa cha mtoto aibiwaye mark 140 ndani ya garimoshi akienda Berlin, na watoto wa mji wamsaidiao kumsaka mwizi. Watoto hao husema kama watoto wasemavyo, na kriegen atalikuta humo.