Ameacha Watoto Wanne

Kila tunapozika, mtu husimama karibu na jeneza akasoma historia fupi ya marehemu. Tunasikia alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma shule gani, aliugua nini na akatibiwa wapi. Mwishoni huja sentensi tuliyoikariri sote: marehemu ameacha mjane na watoto wanne.

Wale wanne hawana majina. Wako palepale, wamekalishwa mkekani na shangazi zao, au wamepelekwa kwa jirani wasisumbue. Usharika uliochangia turubai, viti, mchele na basi la kwenda makaburini haukuwa na la kuwapa wao isipokuwa soda.

Tunasema haya tukijihukumu wenyewe kwanza. Sisi ni walimu wa shule ya Jumapili, na kwa miaka mingi tulipewa kazi ya kuwatoa watoto nje wakati jeneza linaingia. Tuliwachezesha. Walipouliza, tuliwajibu kama tulivyojibiwa sisi tulipokuwa wadogo: baba amesafiri, mama amelala, Mungu amempenda zaidi. Leo tunasema kwamba majibu hayo yanawadhuru watoto, na kwamba kanisa halina ruhusa ya kuendelea kuyatoa.

Mtoto mmoja wa darasa letu, wa miaka sita, aliambiwa baba yake amesafiri. Siku ya kuanua tanga nguo za marehemu ziligawiwa kama ilivyo desturi, na baba yake mdogo akatoka na viatu vyeusi, vile vya kuendea kanisani. Yule mtoto alimkimbilia mpaka barabarani akipiga kelele za mwizi. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Kwa hesabu zake hakukosea: mtu akisafiri, viatu vyake haviguswi.

Mwingine alikataa kufumba macho wakati wa maombi. Tulimpa adhabu, Mungu atusamehe, kabla ya kumwuliza sababu. Alikuwa ameambiwa kwamba Mungu alimpenda sana mama yake, ndiyo maana akamchukua. Basi yeye hakutaka kupendwa. Tulimfundisha kumkimbia Mungu, tena tukidhani tunamfariji.

Biblia haina aibu hiyo. Someni 2 Samweli 12. Mtoto wa Daudi amekufa, watumishi wanaogopa kumwambia, wananong'ona. Daudi anaiona minong'ono, anauliza waziwazi, na anajibiwa waziwazi. Watoto wetu nao huiona minong'ono, ila wao wakiuliza wanatumwa dukani. Yesu alijua kwamba Lazaro atatoka kaburini muda si mrefu, na bado alilia mbele ya watu. Sisi tunamwambia mvulana wa miaka minane kwamba mwanamume halii. Injili hiyo tumeitoa wapi? Na wale marafiki wa Ayubu, ambao huwa tunawalaumu, walifanya vema siku saba walizokaa chini pamoja naye bila neno. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza.

Wapo wanaotujibu kwamba kumtajia mtoto kifo ni uchuro, na kwamba sote tulikua bila mambo haya. Tulikua, ndiyo. Lakini ulizeni humu humu usharikani ni watu wazima wangapi hawajui mpaka leo mama yao alikufa kwa ugonjwa gani, wala hawana wa kumwuliza. Wengine husema mtoto haelewi, mbona ametoka kulia sasa hivi na tayari anacheza mpira? Ndivyo watoto wanavyoomboleza. Huingia katika huzuni, wakatoka, wakarudi tena, hata miezi mingi baada ya watu wazima kuondoka. Mdogo wa miaka mitatu au minne kwa kawaida hajajua kwamba aliyekufa harudi, na wengi hudhani wao ndio waliosababisha kifo, kwa utundu au kwa neno walilolisema wakiwa na hasira. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mtu wa kumwambia, tena si mara moja: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hukumwua wewe, na sisi tupo. Tumaini la ufufuo lifuate hapo. Likitangulia linakuwa pazia tu, na mtoto hajui hata ni nani anayengojewa kufufuka.

Wala hatuanzi sisi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata mabibi wa huko walibaki na wajukuu tele. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza, jina ambalo kwa Kihaya ni kufariji, uliwafundisha walimu namna ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu wakiwa bado hai: ukoo wao, mtoto alizaliwa wapi, alipenda chakula gani, mama aliamini nini. Akina mama hao hawakuwa na fedha kuliko sisi. Walikuwa na ujasiri wa kulitaja jambo kwa jina lake.

Kabati letu la shule ya Jumapili lina vitabu vya nyimbo na masomo ya Noa. Cha mtoto aliyefiwa kilikuwa kimoja, kilichokuja katika sanduku la msaada: kisa cha jani liitwalo Freddie, alichokiandika Mmarekani Leo Buscaglia mwaka 1982. Ni kitabu kizuri. Lakini jani lile linaanguka msimu wa theluji, na tulipokisoma kwa kutafsiri, nusu ya kipindi ilikwisha tukieleza theluji ni nini. Tusingoje sanduku jingine.

Yoshua alipovuka Yordani aliamriwa kusimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Mawe yetu ni daftari la kurasa mia, moja kwa kila mtoto aliyefiwa, na wazee wa ukoo wapewe kazi ya kulijaza kabla hawajapanda basi kurudi kwao: marehemu alikuwa mtundu wa namna gani, aliimba sauti gani kwaya, aliogopa nini, alimwita mtoto huyu kwa jina gani la utani. Mjomba asiyejua kuandika asimulie, kijana aandike. Yule mtoto wa viatu tulimpa daftari, miezi mitano baadaye. Baba yake mdogo alikuja mwenyewe akaandika kurasa mbili, akalia, na mtoto akakaa anamtazama.

Fomu ya kamati yetu ya mazishi ina mistari ya jeneza, turubai, viti, mchele na usafiri. Tumeomba mara mbili uongezwe mstari wa daftari, na msoma wasifu aagizwe kuwataja watoto wote kwa majina. Mara zote mbili tumeambiwa jambo hilo lingoje kikao kijacho. Tangu tulipoomba mara ya kwanza tumezika watu saba.