Kukata Springi Si Maendeleo

Umezuka katika vitongoji vya pembeni mwa Dar es Salaam mtindo ambao hauna budi kukemewa mapema, kabla haujageuka mazoea. Ni mtindo wa kushusha magari. Kijana hununua gari dogo lililokwisha kutumika Japani, na kabla hajajua hata linakunywa petroli kiasi gani hulipeleka kwa fundi wa chini ya mwembe. Springi hukatwa kwa grenda, gari hulala, na tumbo lake hukaribia kuugusa udongo. Kisha hupita nalo Kibamba na Kwembe kwa maringo, akiamini kwamba ameendelea.

Hayo ni maendeleo ya kurudi nyuma. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kimo cha gari si jambo lililosahauliwa na kiwanda likasubiri kusahihishwa uani. Ni uamuzi wa wahandisi waliopima uzito wa abiria na mizigo, nguvu ya breki, mwendo wa springi na hali ya njia. Mtu anayeuvunja uamuzi huo kwa dakika chache za grenda hana budi kuulizwa swali moja tu: gari hilo sasa limeandaliwa kwa barabara ya nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee Kibamba. Kati ya Kimara na Kibaha, umbali wa kilomita 19.2, Serikali ilianza mwaka 2018 kuipanua barabara ya Morogoro iwe ya njia 8. Ni kazi kubwa iliyogharimiwa na walipa kodi, na ndiyo njia ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Lakini hakuna mwananchi wa Kibamba anayelala juu ya lami hiyo. Nyumba yake, shule ya watoto wake na shamba lake dogo viko ndani, kwenye njia za udongo zinazopanda na kushuka vilima, ambazo kila masika huchimbwa makorongo na maji ya mvua. Anayekwenda Kwembe, Hondogo au Mpiji Magohe huyajua matuta, mashimo, mifereji na mawe yaliyomo njiani. Fahari ya gari lililolazwa huishia pale lami inapoishia.

Ni vema jambo hili likaelezwa kitaalamu, maana wengi wanaolifanya hawakuelezwa kamwe. Springi ikikatwa haiwi fupi tu, bali huwa ngumu zaidi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikiondolewa mzunguko mmoja na nusu, ugumu wake huongezeka kwa theluthi moja. Wakati huohuo nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka imepungua. Shokapu, iliyotengenezwa ilingane na springi ya awali, sasa hufanya kazi isiyokuwa yake, na kila shimo huifikisha mwisho wa mwendo wake. Pigo ambalo lingemezwa na springi hupita moja kwa moja kwenye bodi, kwenye viungo vya usukani na kwenye uti wa mgongo wa abiria.

Yako na madhara mengine. Ncha ya springi imetengenezwa ikae barabara katika kikalio chake. Ikikatwa haikai vizuri, na gurudumu likining'inia ndani ya shimo springi huweza kuhama mahali pake. Wako mafundi wasiotumia grenda bali huichoma springi kwa moto wa gesi mpaka ilale. Hao hufanya vibaya zaidi, kwa sababu chuma kilichopikwa kiwandani kwa kipimo maalumu hupoteza ukakamavu wake, na siku moja huvunjika bila kutoa taarifa.

Gari likishuka, magurudumu nayo hubadili mkao. Katika magari mengi huinama kwa ndani upande wa juu, tairi ikaliwa ukingo mmoja huku ukingo wa pili ukiwa bado mpya. Tairi ya namna hiyo hutupwa kabla ya wakati wake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliacha uzalishaji mwaka 2009, na tairi zinazouzwa madukani huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Kila tairi inayoliwa upande mmoja kwa ajili ya mapambo ni jasho la mkulima wa korosho au pamba lililotupwa jalalani.

Kubwa kuliko yote ni injini yenyewe. Gari dogo la kawaida huacha nafasi ya kama sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Likishushwa kwa sentimita 5, bakuli la oili lililo chini ya injini ndilo huwa la kwanza kukutana na jiwe. Bakuli likipasuka, oili humwagika njiani, na dereva asiyeizima injini mara taa nyekundu inapowaka huiua ndani ya muda mfupi. Hapo ndipo mtumishi wa umma aliyenunua gari kwa mkopo wa benki hujikuta akiendelea kukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya chuma kilichoegeshwa chini ya mti.

Kama hasara hiyo ingekuwa ya mwenye gari peke yake, pengine magazeti yangenyamaza. Lakini barabara ni mali ya umma, na kila kosa linalofanywa juu yake hulipwa na wengi. Gari lililoshushwa nyuma kuliko mbele huinua taa zake na kumpofusha dereva anayekuja. Gari lenye springi ngumu kupita kiasi hurukaruka kwenye lami iliyoharibika, na tairi isiyogusa ardhi haiwezi kufunga breki wala kufuata usukani. Mbele ya shule, ambako matuta yaliwekwa ili watoto wavuke salama, dereva wa gari hilo huvuka tuta kwa mshazari, akazuia njia mbili kwa wakati mmoja, na walio nyuma wakaanza kumpita ovyo. Tuta lililowekwa kulinda maisha ya mtoto linageuzwa kuwa hatari mpya kwake.

Tena liko jambo ambalo mkazi wa mjini kati huenda asilifahamu. Katika mitaa ya ndani ya Kibamba, gari la jirani ndilo gari la wagonjwa. Mama akishikwa na uchungu usiku wa mvua, au mzee akipandwa na homa, hubishwa hodi kwa mwenye gari aliye karibu, ili mgonjwa afikishwe barabara kuu na kutoka hapo hospitali ya Mloganzila. Ujirani huo haumo katika sheria yoyote, lakini umeokoa maisha ya watu wengi. Mwenye gari lililolazwa hana la kumjibu jirani yake. Gari analo, petroli anayo, moyo huenda anao. Lakini chombo chake hakiwezi kuvuka mfereji uliopo mbele ya nyumba ya mgonjwa. Kwa urembo wa sentimita 5 amejiondoa katika ujirani mwema.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja zao, na ni haki zijibiwe. Husema kwanza kwamba gari lililo chini hushika barabara vizuri zaidi. Hoja hiyo ina ukweli wake katika uwanja wa mashindano, penye lami laini kama kioo, na kwa gari lililofungwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kulingana, magurudumu yakapimwa upya na mtaalamu. Vifaa hivyo ni ghali, na ndiyo sababu wengi hukimbilia grenda. Kuitetea springi iliyokatwa uani kwa hoja ya gari la mashindano ni sawa na kuvaa koti jeupe na kudai udaktari.

Hoja ya pili ni kwamba nchi zilizoendelea zinafanya hivyo. Ni kweli mtindo huu una historia ndefu huko California, Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wenye asili ya Mexico katika mji wa Los Angeles, waliodharauliwa na kubaguliwa, walishusha magari yao makuukuu na kuyaendesha polepole ili waonekane na wahesabiwe kuwa watu. Wengine walipakia mifuko ya mchanga ndani ya buti. Tangu mwaka 1958 sheria ya jimbo hilo ilikataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga katika gari lake pampu za haidroliki, ili aweze kuliinua mbele ya askari na kulishusha baadaye. Katazo hilo lilikuja kuondolewa mwaka 2024. Waigaji wa Kibamba wanafaa kuizingatia habari hiyo hadi mwisho wake. Wale walikuwa na jambo la kusema, na mwenzao alihakikisha kwamba gari lake linaweza kuinuka tena. Aliyekata springi kwa grenda hana njia ya kuirudishia kile kipande. Ameiga umbo, akaacha sababu, akaacha na ufundi.

Japani nayo, ambako magari haya yanatoka, haimruhusu kila mtu afanye apendavyo. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Na likiwa na nafasi pungufu ya sentimita 9 chini ya tumbo, halipiti. Hiyo ni nchi ya lami mpaka mlangoni. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1999, tuta la barabarani halitakiwi kuzidi sentimita 10. Pale penye lami na matuta yaliyopimwa, kuna mipaka. Itakuwaje pale penye makorongo na matuta ya udongo yaliyorundikwa kwa jembe, mipaka isiwepo?

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti kubwa zaidi: gari ni mali ya mtu binafsi. Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1980, taifa lilipobanwa na uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Hali hiyo ilikwisha, lakini fundisho lake halijafutika: gari likishaingia barabarani limeingia katika maisha ya watu wengine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa kwa msingi huohuo. Tena mwenye gari aliyelibadili bila kuiarifu kampuni ya bima anaweza kukataliwa fidia siku ya ajali. Huo uhuru wa mali humalizikia kwenye deni.

Mfano bora zaidi hauko mbali. Mtu akitoka Kibamba na kuifuata barabara ileile ya Morogoro atafika Kibaha, yaliko makao ya Shirika la Nyumbu. Huko, katika miaka ya 1980, wahandisi wa Kitanzania chini ya jeshi la wananchi walijitahidi kuunda lori litakaloitwa la Kitanzania. Wakalipa jina la mnyama wa mbugani, mvumilivu wa safari ndefu. Lori hilo halikuijaza nchi kama ilivyotarajiwa, na sababu zake ni somo la siku nyingine. Lakini wale wahandisi walianza na swali lililo sahihi: njia za nchi hii zikoje, na chombo gani kitazifaa? Kijana wa grenda ameanza na swali la aibu: nionekane kama nani?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne yanayohitajika ili nchi iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Springi fupi na rimu pana hazimo.

Lawama hata hivyo zisirundikwe juu ya vijana peke yao. Mara nyingi gari limenunuliwa na baba mwenye cheo ofisini, au fedha za kulishusha zimetoka katika mkopo wa mama mwalimu. Mtumishi anayehubiri matumizi bora ya mali ya umma saa tatu asubuhi, kisha jioni akampa mwanawe fedha ya kuharibu gari zima, anajipinga mwenyewe. Mwalimu wa fizikia ana somo tayari mbele yake: alete springi darasani, wanafunzi wapime wenyewe jinsi inavyokuwa ngumu ikifupishwa. Somo hilo litaokoa tairi nyingi, na huenda likaokoa roho za watu.

Viongozi nao wana wajibu. Wiki ya Nenda kwa Usalama iwe ya kuangalia chini ya gari, si ya kubandika stika kwenye kioo. Mafundi wa mitaani, wenye mikono stadi na elimu haba, wapewe mafunzo badala ya kufukuzwa. Na njia za ndani zichongwe, mifereji ijengwe, kwa maana Chama na Serikali havitakuwa na nguvu ya kumkemea kijana anayeikimbia njia mbovu ikiwa njia yenyewe imeachwa mbovu mwaka baada ya mwaka.

Lakini mpaka lami itakapofika kila mlango, gari la Kibamba libaki na kimo chake, lipite juu ya tuta, livuke mfereji, limfikie mgonjwa usiku wa mvua na kumtoa salama. Hiyo ndiyo kazi ya gari.