Kukaa Upande Kwenye Pikipiki Si Heshima: Tuliyojifunza Njia ya Lushoto

Tumerudi Unguja salama kutoka Tanga, na wengi mnasubiri picha za Lushoto. Zitakuja inshaallah, lakini kwanza tuna jambo limetukaa moyoni.

Tulikwenda mawifi wawili na waume zetu. Tulilala kwa jamaa Korogwe, na asubuhi baada ya sala ya alfajiri tukaazima pikipiki mbili ili tupande milima ya Usambara na kurudi siku hiyo hiyo. Kila mmoja alipanda nyuma ya mumewe, na sote wawili tulikaa upande, miguu yote pamoja, kama tulivyofundishwa tangu wasichana. Mwanamke mwenye heshima hapanui miguu. Nani kati yetu hajaambiwa hivyo?

Korogwe hadi Mombo hakukuwa na tatizo. Njia imenyooka, mkonge huku na huku, tunapiga soga. Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda. Hadi Lushoto ni kilomita kama 33 tu, lakini ni kona juu ya kona. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule korongo, na malori ya kabichi na karoti yanateremka. Kila kona ilituvuta nje ya kiti. Tulishika shati la mume kwa mkono mmoja na mtandio kwa mkono wa pili.

Kabla ya Soni, lori likatokea ghafla konani. Breki zikashikwa, mmoja wetu akateleza hadi ukingoni mwa kiti, na pindo la buibui likaingia kwenye mnyororo. Alhamdulillah, mwendo ulikuwa mdogo. Nguo ilichanika hadi juu ya goti, na ilibidi vijana wa njiani walete kisu kukata kitambaa kilichobanwa. Mama mmoja aliyejitwika kuni alitua mzigo wake, akavua kanga ya juu na kumstiri mwenzetu bila kusema neno.

Tujiulize basi: stara ilikuwa wapi pale? Tulikaa upande ili tusionekane, tukaishia goti wazi katikati ya barabara mbele ya wanaume tusiowajua. Na hiyo ndiyo ilikuwa nafuu. Kama pikipiki ingekuwa inakwenda kasi, leo mngekuwa mnasoma tanzia.

Soni tulinunua suruali mbili pana. Tukavaa ndani, tukakusanya buibui na kulikalia, tukapanda kama wanavyopanda waume zetu. Safari ikawa nyingine kabisa. Miguu yote miwili kwenye vikanyagio, mikono kiunoni, mwili unalala na pikipiki konani badala ya kushindana nayo. Hapo ndipo tulipoanza kuona milima: migomba, matuta ya mboga, baridi ya kweli mchana. Irente tulisimama ukingoni, tukaona tambarare chini kabisa, vipaa vya nyumba vidogo kama punje za mchele. Tulikula mapeasi, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tukateremka kwa gia ndogo, polepole, ili breki zisichemke.

Tunajua wapo watakaosema kukaa hivyo si adabu. Tunawaheshimu, wengi wao ni mama zetu. Lakini kilichoamrishwa ni kujistiri, na suruali pana chini ya vazi refu inastiri. Kulinda uhai nako ni dini. Mbona mwanamme akifundishwa kukaa anaambiwa asianguke, na mwanamke anaambiwa asionekane vibaya?

Tunakubali jambo moja: nyuma ya mume au kaka ni rahisi, nyuma ya dereva wa bodaboda usiyemjua ni mtihani. Kwa hilo ushauri wetu ni kupanda daladala au bajaji pale inapowezekana, na isipowezekana weka mkoba kati yenu. Kukaa upande hakuondoi ugumu huo, kunaongeza hatari tu.

Wala msiseme Unguja hakuna milima. Kila siku kati ya Mwanakwerekwe na Darajani tunaona dada amekaa upande, mtoto mapajani, simu mkononi, kichwa hakina helmeti. Shimo moja la barabara linatosha.

Kwa hiyo: suruali ndani, pindo likusanywe na kukaliwa, mtandio uingizwe ndani ya nguo usipepee, helmeti ivaliwe juu ya hijabu nyepesi. Na nyinyi akina baba, subirini mke akae sawa ndipo muondoke.

Ile kanga bado tunayo. Tulipomrudishia yule mama jioni alikataa kuipokea, akasema tumpelekee binti. Tutampa, na siku hiyo hiyo tutamfundisha kukaa kwenye pikipiki.

Nyinyi mnawafundisha nini mabinti zenu? Tuandikieni.