Injili Haihitaji Mgambo

Mkristo wa Bugarama, huku kwetu Ngara, akisema hadharani kwamba serikali haina kazi ya kuchunga roho za watu, wala ya kumpangia mkulima ajenge wapi na kahawa yake amuuzie nani, hujibiwa haraka. Ataambiwa amelewa mafundisho ya Wazungu wasiosali. Ataambiwa anataka uhuru wa kutenda dhambi. Nimezisikia hoja hizi kwa makatekista, kwa walimu na kwa wazee wa jumuiya, watu ninaowaheshimu, na kwa kuwa ninawaheshimu nitazijibu moja baada ya nyingine.

Ninachotetea ni hiki: mtu asitumie nguvu juu ya mwenzake isipokuwa kuzuia dhuluma, na watu wenye mihuri na bunduki wafungwe na kanuni hiyohiyo inayotufunga sisi wengine. Wasomi huuita msimamo huu ulibertari. Ninaamini mtu anaweza kuushika na bado akasali Nasadiki bila kuruka mstari.

Hoja ninayoisikia zaidi huku kwetu ni kwamba Kanisa la kwanza liliishi kijamaa, hivyo Mkristo hana haki ya kutetea mali ya mtu binafsi. Hoja hii ina uzito wa pekee katika jimbo letu la Rulenge-Ngara, zamani Rulenge, kwa sababu aliyeitetea kwa maisha yake ni askofu wetu wenyewe. Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo kuanzia 1969 hadi 1996, alijiunga na kijiji cha ujamaa na akashika jembe pamoja na wanakijiji. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili tuupigie hesabu vichwani, bali ili tuishi kama Nafsi Tatu zinavyoishi, kwa kushirikishana yote. Sijaona mafundisho mazuri kuliko hayo kutoka pembe hii ya nchi.

Lakini tazama alivyofanya. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akawaalika wengine wamfuate. Hata Matendo ya Mitume ukiyasoma polepole yanasema hivyohivyo. Petro anapomkabili Anania, anamkumbusha kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa chini ya mamlaka yake. Kosa lake lilikuwa uongo. Angebaki na shamba lake, Petro asingekuwa na neno. Ushirika ule ulikuwa na thamani kwa sababu mlango wa kutoka ulikuwa wazi.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alilijua hilo. Katika maandiko yake ya 1967 kuhusu ujamaa vijijini, na tena ya 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, alieleza wazi kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Na kielelezo alikuwa nacho: kule Songea, kuanzia Litowa, wakulima walikuwa wamejiunga wenyewe katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, wakilima pamoja, wakiendesha shule yao, wakiamua mambo yao katika mikutano yao. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Malori na mgambo vikafuata. Sehemu nyingi za nchi watu walitolewa kwenye migomba yao wakaenda kutupwa barabarani, na nyumba za baadhi yao zikavunjwa au kuchomwa ili wasirudi.

Nauliza kwa uchungu: ni nani hapo aliyefanana na Kanisa la kwanza? Mimi nawaona wakulima wa Litowa. Waliowavunja walikuwa na msamiati wa udugu, lakini walichokuwa nacho mkononi ni kile alichokuwa nacho mfalme Ahabu alipolitamani shamba la Nabothi. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake, akauawa kwa hukumu iliyopangwa na ikulu, na Mungu akamtuma Eliya kumtetea marehemu mwenye shamba dhidi ya dola. Mkristo anayedharau mali ya mtu binafsi aiweke hadithi hiyo mezani kwanza, kisha tuongee. Papa Leo wa 13 naye, katika waraka wake wa 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliitetea haki ya mtu wa kawaida kumiliki mali.

Hoja ya pili: uhuru ni ruhusa ya dhambi, kwa hiyo sheria imzuie mtu asipotee. Mwenye hoja hii kwa kawaida ana watu halisi akilini mwake. Baba anayemaliza fedha za kahawa kwenye pombe ya ndizi. Kijana anayeishi na binti bila ndoa. Anaumia, na ana haki ya kuumia. Ila anapotaka polisi amsaidie kuhubiri, anaacha njia ya mababu wa imani. Thoma wa Akwino, ambaye hakuna atakayemwita mlegevu, alifundisha katika karne ya 13 kwamba sheria za wanadamu hazipaswi kukataza kila uovu. Zikataze maovu mazito, hasa yanayowadhuru wengine kama mauaji na wizi, ambayo bila kuyazuia jamii isingesimama. Aliona kwamba ukimlazimisha kwa sheria mtu asiye mkamilifu aishi kikamilifu, utamfanya awe mbaya zaidi.

Kwa hiyo baba yule akimpiga mkewe, hapo dhuluma imeingia na mgambo aje. Akilewa tu, aje katekista, waje wanajumuiya, aje kaka yake. Tena waje mara nyingi. Anayesema kwamba kumnyima polisi kazi hiyo ni kumwacha mlevi apotee, anakiri bila kujua kwamba jumuiya yake haimtembelei mtu. Paulo, katika jambo zito la uzinzi kule Korintho, aliliagiza kanisa limtoe mhusika katika ushirika wake, na papo hapo akasema kuwahukumu walio nje si kazi yake. Hakuandika barua kwa liwali.

Tukumbuke pia sheria ya maadili inaweza kushikwa na nani. Mwaka 1886, upande wa pili wa Ziwa Victoria, Kabaka Mwanga wa Buganda aliona vijana wa ikulu kumwabudu Mungu mwingine na kumkatalia matakwa yake ni ukosefu wa adabu unaostahili moto. Namugongo tunakwenda kuhiji leo kwa sababu ya vijana waliosema kwamba kuna chumba ndani ya mtu ambacho mfalme hana ufunguo wake. Kanisa lenyewe lilichukua muda mrefu kulisema hilo kwa sauti moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitangaza Desemba 1965, kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Wale vijana walikuwa wametangulia kwa miaka karibu 80.

Wa tatu hufungua Warumi 13. Mamlaka yametoka kwa Mungu, basi Mkristo atii. Nakubali kwamba mamlaka yana kazi, na Paulo anaitaja: kumwadhibu mtenda mabaya. Anaweka mpaka wa kazi palepale anapoitaja. Na Paulo huyohuyo, alipopigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, hakuondoka gerezani kimyakimya. Alidai haki yake ya uraia na kutaka wakubwa wenyewe waje wamtoe. Zamani zaidi, Waisraeli walipodai mfalme, Samweli aliwaorodheshea atakavyowachukua watoto wao, mashamba yao na zaka ya mavuno yao. Mungu aliliona ombi lile kuwa ni kumkataa Yeye.

Kagera haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mamlaka kuvuka mpaka wa kazi yake. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Kikwete akiwa ziarani mkoani kwetu alitoa siku 14 kwa wahamiaji waliotajwa kuwa haramu waondoke. Ikafuata Operesheni Kimbunga. Wapo waliofukuzwa baada ya miongo ya kuishi Ngara, Karagwe na Biharamulo, wameoa au kuolewa hapa, wamebatiziwa watoto hapa. Wengine walivuka mpaka na godoro kichwani, mke akabaki huku, ng'ombe wakaachwa. Mhangaza na Mrundi huelewana wakizungumza, kila mmoja kwa lugha yake. Mpaka ulichorwa na Wazungu kwa kujadiliana wao kwa wao. Wakati ule nilimsikia Mkristo mwenzangu akisema amri ni amri. Sikukubaliana naye na sikubaliani leo. Jambazi ashtakiwe kwa ujambazi wake, kwa jina lake, mbele ya hakimu. Mama aliyekuwa akipalilia maharage jirani yetu hakuwa amemdhulumu mtu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alimpelekea Idi Amin malalamiko juu ya ukatili wa dola na akauawa Februari 1977. Hatumwiti mvunja Warumi 13.

Kwamba falsafa hii ni ya wasioamini, nitajibu kwa ufupi. Mwandishi Ayn Rand kweli alimkana Mungu na kuidharau huruma, na Mkristo hawezi kumfuata huko. Lakini yapata mwaka 212, huko Karthago, katika Afrika yetu hii, Tertuliano alimwandikia liwali wa Kirumi kwamba ni haki ya kila mwanadamu kuabudu kwa hiari yake, na kwamba si tabia ya dini kulazimisha dini. Tulikuwa tumeyasema hayo zaidi ya miaka 1,600 kabla Rand hajazaliwa.

Inabaki hoja nzito kuliko zote, kwamba uhuru wa namna hii unamwacha maskini mikononi mwa mwenye nguvu. Hapa nisingependa kukimbia. Aprili 28 na 29, 1994, watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco, hapa Ngara, ikageuka mji wa wakimbizi. Chakula kingi kilicholisha kambi kililipwa na kodi za nchi za mbali. Silikatai hilo. Lakini hospitali za Murgwanza na Rulenge zilianzishwa na waumini, Waanglikana kwa Wakatoliki, bila kuamriwa na mtu. Na serikali iliyopokea wakimbizi ndiyo ileile iliyofunga mpaka wa Burundi Machi 1995, na Desemba 1996 ikawarudisha Wanyarwanda kwa jeshi. Dola hutoa ulinzi na dola huuondoa.

Na kuna butura. Msimu wa maua ya kahawa, mama ana mtoto anayedaiwa ada. Mnunuzi anazunguka shambani, anatazama matawi yaliyojaa weupe, anakadiria magunia, anataja bei ambayo haifiki hata nusu ya itakayolipwa mavuno yakifika, na anahesabu noti papo hapo. Miezi mingi baadaye anarudi na viroba. Baadhi ya wapenda uhuru wenzangu husema: walikubaliana, hakuna wa kulaumiwa. Hapo naachana nao. Torati ilimkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia la maskini kuwa rehani, ingawa maskini mwenyewe angekubali kulitoa. Kutolazimisha hakumalizi wajibu wa Mkristo, ndipo kwanza unaanza.

Serikali imepiga marufuku butura, na butura ipo. Inafanyika usiku, kwa bei mbaya zaidi, kwa kuwa mnunuzi anaitoza pia hatari ya kukamatwa. Tena mkulima anapolazimika kuuza kupitia chama cha ushirika ambacho malipo yake huweza kuchelewa, ucheleweshaji huo ndio unaomsukuma kwa mwenye noti. Ningependa mkulima awe huru kumuuzia amtakaye, wanunuzi wawe wengi na wa mchana, mizani ikaguliwe na mwizi wa mizani afungwe. Na ningependa kila jumuiya ndogo ndogo iwe na mfuko wa kukopesha ada kipindi cha maua, bila riba. Yule mnunuzi wa butura tunamfahamu. Anakaa benchi la mbele na anasoma somo la kwanza. Paroko na wazee wana mamlaka ya kumwendea, kama Paulo alivyoagiza Korintho, na kumwambia asikaribie meza ya Bwana mpaka amrudishie yule mama tofauti ya bei. Hawajawahi kufanya hivyo.