MJANE HALI MFANO WA HUNDI

Leo hakuna kiki na hakuna habari ya nani kaachana na nani. Leo ni kuhusu ule usiku wa kumuenzi marehemu, ule uliojaza simu za watu wiki nzima kwa picha za zulia jekundu. Majina hayatatajwa hapa. Wenyewe wanajijua, na waliokuwepo ukumbini wanawajua pia.

Marehemu hahitaji kutambulishwa. Ni mchekeshaji aliyewavunja watu mbavu tangu enzi za kanda za VHS, zikaja CD za Kariakoo, zikaja video za kwenye simu. Jamaa alikuwa anaingia tu kwenye skrini na msuli wake na kandambili mbili zisizofanana, hajasema neno, watu hoi. Akaumwa muda mrefu. Akafariki akiacha deni la hospitali, kodi ya nyumba iliyolala, na binti yuko chuo mwaka wa pili.

Arobaini ikapita. Ndipo likaja wazo la shoo ya hisani. Vichekesho vya jukwaani usiku mzima, mastaa wanapanda bure, mapato yote yanakwenda kwa familia. "Mapato yote." Maneno hayo yaliandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa kuliko jina la marehemu mwenyewe.

Watu wakanunua tiketi. Wenye nazo wakachukua meza za mbele ambazo bei yake unapata bodaboda ya mkononi inayotembea. Vijana wa Tandika na Manzese wakajibana wakakata tiketi za nyuma, maana yule mzee aliwalea. Wapo waliotuma pesa bila hata kwenda, kwenye ile namba iliyokuwa chini ya bango.

Usiku wenyewe ulikuwa mkali, tuseme ukweli. Moshi, taa, skrini kubwa, keki yenye sura ya marehemu. MC alibadilisha suti mara tatu. Staa mmoja wa kike alilia jukwaani mpaka kope moja ikadondoka, na kesho yake kile kilio kikawekwa mtandaoni pamoja na jina la duka lililomvalisha. Mheshimiwa mmoja alishika kipaza sauti akaongea muda mrefu kuliko vichekesho viwili vya kwanza ukivijumlisha. Mjane na watoto walikaa meza ya nyuma, jirani na mlango wa jikoni, kila mhudumu anayepita na sinia anawaomba radhi.

Waliitwa mbele mara moja tu, kupokea mfano wa hundi.

Kwa asiyejua, mfano wa hundi ni lile bango refu kama mlango. Lina tarakimu na lina sahihi, kitu pekee ambacho halina ni pesa. Kazi yake ni kupigiwa picha. Promota alishika upande mmoja, mdhamini upande mwingine, mjane katikati kichwa kinaonekana kwa juu kidogo. Kamera zikawaka. Makofi. DJ akapandisha mziki.

Sasa ni miezi minne. Watu wa karibu na familia wanasema kilichoingia kwenye simu ya mjane hakifiki robo ya ile tarakimu. Bango lenyewe lipo. Limeegeshwa sebuleni nyuma ya kochi, kwa sababu halipiti kwenye mlango wa chumbani. Binti amesimama chuo kwa muda, ada haijakamilika. Mwenye nyumba naye ameiona ile picha mtandaoni, kwa hiyo hataki kusikia habari ya "subiri kidogo mzee wangu". Anamwambia mjane, mama wewe una mamilioni, dunia nzima imeona.

Hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko zote. Kabla ya shoo, mjane alikuwa hana pesa lakini akikopa kwa mangi anakopeshwa. Baada ya shoo, hana pesa na hakopesheki. Ndugu wa kijijini wanampigia simu kumlaumu kwamba anakula peke yake. Ile picha imemnyang'anya hata huruma aliyokuwa anaipata.

Wakiulizwa waandaaji, majibu yapo matatu na yanazunguka kama feni. La kwanza, gharama zilikuwa kubwa. La pili, wadhamini hawajamalizia. La tatu, hesabu bado zinafungwa. Miezi minne mnafunga hesabu ya usiku mmoja? Hata duka la jumla linafunga hesabu ya mwaka kwa muda mfupi kuliko huo.

Haya, tuje kwenye gharama. Hakuna anayesema ukumbi ni bure. Mafundi wa sauti wana watoto, wapishi wana watoto, walipwe. Lakini kama mastaa walipanda bure, na mdhamini kaleta vinywaji, na ukumbi ulitoa punguzo kwa ajili ya marehemu kama MC alivyotangaza mwenyewe, basi gharama zipi zimekula robo tatu? Suti tatu? Moshi? Keki? Semeni tu. Ikiwa ni halali, iandikwe karatasi moja, watu wasome, waridhike, maisha yaendelee. Na kama mlijua gharama zitakatwa, kwa nini bango liliandikwa "mapato yote"?

Cha ajabu, kila Mswahili anajua namna ya kufanya jambo hili vizuri. Nenda kwenye msiba wowote uswahilini. Hapo kwenye turubai utamkuta mzee mmoja na daftari la kurasa tisini na sita na kalamu iliyofungwa uzi. Ukitoa elfu mbili unaandikwa jina na elfu mbili yako. Siku ya kuvunja tanga, mwenyekiti anasimama mbele ya watu: kilichoingia ni hiki, sanda hiki, mchele hiki, basi la kwenda kuzika hiki, kilichobaki ni hiki, na anakabidhiwa mfiwa hapohapo, watu wanaona. Watu waliokaa kwenye mkeka, wengine hawakumaliza darasa la saba, wanatoa hesabu safi ndani ya siku tatu. Halafu watu wenye mhasibu, wakili, na meneja wa mitandao wanashindwa kwa miezi minne!

Na waliokuwa wakimfuatilia marehemu watakumbuka kwamba hii stori alishaiigiza. Kile kichekesho chake cha mweka hazina wa msiba, anayeulizwa daftari liko wapi, anajibu limezikwa na marehemu kwa bahati mbaya. Watu walicheka mpaka machozi. Usiku ule kile kipande kilionyeshwa kwenye skrini kubwa, na meza za mbele zikacheka kuliko wote.

Kuna wanaosema msimsumbue marehemu, mwacheni apumzike. Anayemsumbua ni nani? Sura yake imewekwa kwenye keki ikakatwa kisu, jina lake limeuza tiketi, video zake mpaka leo zinaingiza matangazo kwenye chaneli za watu ambao hata makaburini hawakufika. Hao hawamsumbui, ila anayeuliza pesa ya mjane ndiye msumbufu? Na wanaosema huu ni wivu, haya, na uwe wivu. Wivu haujibu swali la pesa ziko wapi.

Tatizo hili si la shoo moja wala la promota mmoja, na ndiyo maana linafaa kusemwa. Mkumbuke King Majuto, Amri Athumani, fahari ya Tanga. Alifariki Muhimbili Agosti 8, 2018, baada ya kuugua na kwenda mpaka India kutibiwa. Nchi nzima ilikuwa inamjua, watoto walikuwa wanamuigiza. Mwaka huohuo mikataba yake ya matangazo ikawa gumzo, mpaka serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee wa miaka 70, kafanya kazi miongo mingi, ndipo watu wanaanza kufungua makaratasi kuangalia alikuwa analipwaje.

Vuka mpaka uende Kenya. Mzee Ojwang', jina lake halisi Benson Wanjau, alichekesha familia za Wakenya kwenye Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa miaka na miaka. Macho yalipomsumbua, ilibidi wananchi wachangishane atibiwe. Alifariki Julai 12, 2015. Salamu za rambirambi zilitoka kila kona, na wakubwa kwa wadogo wakasema wamepoteza hazina. Hazina gani hiyo inayochangiwa pesa ya macho?

Ukiangalia vizuri utaona mzunguko ni uleule. Msanii anauza kazi jumla kwa pesa ya siku hiyo, kwa sababu nyumbani kunasubiriwa unga. Mkataba hausomi, au hakuna mkataba kabisa, ni maneno tu na kushikana mikono. Kazi inaendelea kuuzwa miaka yote, yeye hayumo. Akiumwa, namba ya simu inasambazwa. Akifa, inaandaliwa shoo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo Tanzania tangu 1999. Inamlinda mtunzi mpaka miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake watoto wa mchekeshaji aliyetunga visa vyake mwenyewe wana cha kudai. Lakini kama marehemu alisaini karatasi ya kuuza kila kitu, watoto watadai nini? Wale waliosainisha hizo karatasi, baadhi yao usiku ule walikaa meza za mbele. Walikuja kumuenzi na walipendeza sana.

Na msiseme shoo ya hisani haiwezi kufanyika kwa uadilifu. Uingereza kuna shoo inaitwa Royal Variety Performance. Ya kwanza ilifanyika 1912 pale Palace Theatre, London, Mfalme George V akiwa ukumbini. Miaka zaidi ya 100 imepita, bado ipo, wachekeshaji bado wanapanda, familia ya kifalme bado inakaa kwenye viti vya heshima. Mbwembwe zipo tele, kuliko hata za huku. Lakini pesa yake ina anwani. Inasaidia wasanii waliozeeka, wagonjwa na waliofulia, na kuna nyumba kabisa, Brinsworth House, mtaa wa Twickenham, inayowatunza wasanii wazee tangu 1911. Ukitaka kujua pesa ya tiketi yako inakwenda wapi, unaweza kwenda kugonga mlango. Huku ukitaka kugonga mlango, utagonga wa nani? Wa yule promota aliyebadilisha namba?

Basi kwa wanaopanga shoo nyingine, maana tetesi ni kwamba ipo inayokuja, haya hapa machache, na hayahitaji elimu ya chuo kikuu.

Pesa ziingie kwenye akaunti ambayo mjane au mtoto mkubwa ni mmoja wa wanaosaini. Zisiingie kwenye simu ya promota wala ya meneja wake.

Gharama zitajwe kabla tiketi hazijauzwa. Kama nusu ya tiketi inakwenda kwenye jukwaa, bango liseme nusu. Watu watanunua tu, wanampenda marehemu.

Ndani ya mwezi mmoja hesabu iwekwe hadharani, palepale lilipowekwa bango la shoo. Kama picha za zulia jekundu zilipanda usiku uleule, na karatasi ya hesabu ipande.

Shoo ikirekodiwa na kuuzwa, familia iwe na fungu lake kwa maandishi.

Mfano wa hundi upigwe marufuku. Kama pesa ipo, mpeni karatasi ya benki ya ukubwa wa kawaida, inayoingia kwenye pochi. Kama haipo bado, semeni haipo bado, na msimpige mama wa watu picha.

Na familia ikae mbele. Hilo halina gharama hata senti tano.

Kwa mashabiki nao kuna neno. Kununua tiketi kwa ajili ya marehemu halafu kutouliza chochote ni kutoa elfu mbili msibani na kumwambia mwenye daftari asikuandike. Ulizeni, tena kwa upole, kila siku, chini ya kila picha wanayoweka. Na wale wachekeshaji wazee walio hai, wanaokaa vibarazani huko Tanga, Temeke na Ilala wakisubiri simu ya kazi, waandalieni shoo yao sasa hivi wakiwa wanaweza kukaa meza ya mbele na kuhesabu pesa yao kwa mkono wao.

Promota, MC, mdhamini, mheshimiwa, ujumbe umefika. Yule mama hajaomba moshi wala keki. Anataka kujua daftari liko wapi, na msimjibu kwamba limezikwa na marehemu, maana hicho kichekesho ni cha mume wake.

Wewe mdau uliyekata tiketi usiku ule, ulishawahi kuonyeshwa hesabu? Na leo ukiletewa tiketi ya shoo nyingine ya kumuenzi mtu, utanunua?