Siri ya Mgonjwa ni Amana

Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wanafunzi wanaoishi na virusi vya Ukimwi waorodheshwe. Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha.

Sisi wa Kisumu na ufuo wa ziwa, ambako maradhi haya yameenea kuliko sehemu nyingi za nchi, tusiusahau uamuzi huo wakati majalada ya hospitali yanapohamia kwenye kompyuta. Jalada la karatasi huibwa moja moja. Ya kompyuta hunakiliwa kwa maelfu mara moja.

Daktari ayaone apate kutibu. Mwalimu mkuu ayatakie nini? Sheria za 2019 na 2023 zisipotekelezwa, mtoto ataikimbia kliniki, na dawa zitabaki rafuni.